Mmewaalika mwanafunzi na mwanajeshi mstaafu, haya waachieni maiki

Safari hii barua karibu zote zinazungumzia kitu kimoja, zile klabu za huduma za kijamii, za kina Rotary, Lions, Kiwanis na nyingine ndogo ndogo zisizo na jina, ambazo zinakutana kila wiki au kila baada ya wiki mbili, na kuna huu mtindo wa kuita mwanafunzi mmoja aliyefanya vizuri na mwanajeshi mstaafu mmoja wakatunukiwa kwenye kikao kimoja. Nimechagua barua chache na nyingine nimezipunguza, maana kuna mtu kaandika kurasa sita na swali lenyewe liko kwenye mstari wa mwisho.

*Dada habari za kazi. Mimi ni katibu mpya wa klabu, nimekabidhiwa mafaili juzi tu, na kazi ya kwanza rais wa klabu kaniambia kikao kijacho tunamtunuku mwanafunzi na mzee mmoja aliyestaafu jeshi, nipange ratiba. Kikao ni cha saa moja na nusu. Kuna ripoti ya mweka hazina, kuna taarifa za kamati, halafu rais mwenyewe anapenda kuongea. Nikipiga hesabu wageni wanabaki na dakika kumi za mwisho. Nifanyeje bila kumuudhi mkubwa? – Katibu Mpya*

Pole na hongera kwa wakati mmoja. Hizo dakika kumi za mwisho ndo ugonjwa wenyewe, na nimeuona kwenye vikao vingi tu: wageni wanafika mapema wamependeza, wanakaa wanasikiliza ripoti ya fedha ambayo haiwahusu, mwanachama mmoja anasimama kubishania risiti, muda unaisha, halafu mshereheshaji anasema "kwa sababu ya muda" wanaitwa haraka haraka wanapewa cheti, picha, kwaherini. Yaani mtu katoka nyumbani kwake kuja kupigwa picha.

Wewe geuza ratiba juu chini. Ufunguzi, salamu, utambulisho mfupi, halafu wageni moja kwa moja. Ripoti zenu zije baadae, na wageni wakitaka kuondoka kabla ya ripoti waondoke kwa amani. Rais usimnyime kuongea, mpe kazi ya kuwatambulisha wageni, umwandikie wewe mwenyewe karatasi moja, nusu ukurasa kwa kila mgeni, maandishi makubwa. Mtu akipewa karatasi anasoma karatasi. Akiachwa bila karatasi anaanza historia ya klabu tangu kuzaliwa kwake.

Kitu ambacho nakuomba sana usikikate hata kikao kikichelewa ni muda wa wageni kuongea wenyewe, na sisemi "asanteni sana kwa tuzo hii" pekee, nasema dakika nane mpaka kumi kwa kila mmoja na wanachama kuuliza maswali. Kuna stori moja ya kweli ambayo ukimwambia rais wako atakuelewa. Mwaka 1925 klabu za Lions zilikuwa na mkutano wao mkuu Cedar Point, jimbo la Ohio kule Marekani, wakamwalika Helen Keller, mwanamke asiyeona wala kusikia ambaye alishamaliza shahada yake tangu 1904. Wangeweza kumpa ua na makofi yakaisha. Wakamwacha aongee, na yeye akawaomba Lions wachukue vita ya upofu iwe yao. Wakaichukua kweli, na mpaka leo ukitaja Lions mtu anafikiria macho, miwani, upasuaji wa mtoto wa jicho. Miaka mitano tu baadae, 1930, ni mtu wa Lions huko Peoria, Illinois, aliyeipigania ile fimbo nyeupe ya wasioona baada ya kuona mtu anahangaika kuvuka barabara na fimbo nyeusi ambayo madereva hawaioni. Yote hayo mizizi yake ni mgeni aliyepewa nafasi ya kuongea. Sasa na nyie hamjui huyo mwanafunzi atasema nini au huyo mzee atawaomba nini, ndo maana mnamwita.

Mambo madogo sasa, ambayo kwangu mimi ndo makubwa. Cheti. Jina la mtu muulize mwenyewe analiandikaje, kwa meseji, akuandikie yeye kwa mkono wake, usilitoe kwenye orodha ya mtu mwingine. Na mzee muulize cheo alichostaafu nacho na kikosi chake, kisha ukiandike kama alivyokwambia. Luteni na Luteni Kanali ni watu wawili tofauti kabisa, na mtu aliyepanda ngazi kwa miaka ishirini anaushika huo utofauti sana hata kama akicheka akakuambia haina shida. Ukishachapisha msomee kwenye simu kabla ya siku yenyewe.

Viti je? Msiwapandishe meza kuu kati ya viongozi ambao watakuwa wananong'onezana mambo yao. Wakae wawili hao karibu karibu, mwanafunzi na mzee, na kila mmoja awe na mwanachama mmoja wa kumpokea mlangoni, kumwonyesha msala, na kukaa naye. Mzee muulize mapema angependa kukaa wapi. Wengine waliopitia vita hawapendi kuupa mlango mgongo, na wengi masikio yameharibika kwa milio ya silaha na mitambo. Marekani huko, mlio usioisha masikioni na kupungua kwa usikivu viko juu kabisa kwenye orodha ya madhara ambayo wastaafu wa jeshi wanalipwa fidia. Kwahiyo anayeuliza swali apewe maiki, asimame mbele yake, asipige kelele kutoka nyuma ya ukumbi. Na hayo maputo jamani, kama kuna kamati ya mapambo inataka kuyapasua kwa shangwe, waambie hapana, na mzee usimtaje kama sababu, sema tu hapana.

*Shikamoo dada. Babu yangu alikuwa mwanajeshi, klabu moja imempigia inataka kumtunuku pamoja na mwanafunzi. Amekataa. Anasema yeye hana cha kusimulia, kwamba mashujaa ni wale wenzake ambao hawakurudi, na kwamba yeye muda mwingi alikuwa kwenye karakana ya magari. Sisi wajukuu tunatamani sana aende. Tumlazimishe kidogo? – Mjukuu*

Marahaba mdogo wangu. Msimlazimishe. Ila msifunge mlango pia, maana hayo maneno aliyosema nimeyasikia kwa wazee wengi wa jeshi na mara nyingi yana maana mbili kwa pamoja. Moja ni ya kweli kabisa, anawakumbuka wenzake na anaona aibu kusifiwa peke yake. Nyingine anaogopa ataulizwa yale maswali. Unayajua. Uliua wangapi, uliona nini, uliogopa. Mtu anauliza na chakula kiko mdomoni.

Nenda kaongee na hao wa klabu wewe kabla ya kurudi kwa babu. Waambie maswali ya kuua na ya kufa hayataulizwa, na mshereheshaji ajue kwamba likitokea yeye ndo analizuia, babu asiachwe apambane nalo peke yake. Waombe pia watoe dakika moja ya ukimya kwa ajili ya wenzake, kabla cheti hakijatolewa, na kama babu anataka kutaja majina yao ayataje. Ukienda kumwambia "babu, watasimama kwanza kwa ajili ya wenzako" kuna uwezekano mkubwa jibu likabadilika. Lisipobadilika liheshimuni, na klabu inaweza kumpelekea cheti nyumbani bila kamera.

Halafu hilo la karakana lisimnyong'onyeze hata kidogo. Watu wanadhani jeshi lote ni kushika bunduki mstari wa mbele wakati ukweli ni kwamba jeshi lolote lina mafundi, wapishi, madereva, makarani wa stoo, watu wa mawasiliano, waganga, na gari likikwama na risasi ziko ndani hao wa mbele wanafanya nini? Babu akisimama akaeleza tu jinsi walivyokuwa wanalifufua lori bila spea, kwa tochi, huku koplo anawahesabia dakika, huyo mwanafunzi aliyekaa pembeni yake anaweza kuondoka na kitu. Muulizeni vitu vya aina hiyo: siku ya kwanza kambini ilikuwaje, nani alikufundisha kazi, kitu gani cha jeshini unakifanya mpaka leo. Utashangaa. Kuna mzee mmoja niliyemsikia aliulizwa hilo la mwisho akajibu anatandika kitanda kabla hajanywa maji, ukumbi ukacheka, halafu akaanza kuongea na hakunyamaza.

Na akiongea kidogo akanyamaza ghafla, au akatoka nje, mtu mmoja tu wa nyumbani amfuate, taratibu, bila kundi. Zamani kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia watu wa namna hiyo walionekana waoga, wengine waliadhibiwa, na madaktari wa akili wa Marekani hawakuliingiza rasmi tatizo la msongo unaobaki baada ya tukio la kutisha kwenye mwongozo wao mpaka 1980. Sasa hivi tunajua, kwahiyo hamna sababu ya kumshangaa.

*Dada, binti yangu kachaguliwa mwanafunzi wa mwezi na klabu ya huduma. Nimefurahi sana. Sasa wamenitumia maelezo watakayosoma siku hiyo, mstari wa pili unasema "anatoka familia duni ambayo wakati mwingine hulala njaa". Ni kweli tumepita kipindi kigumu lakini binti kasoma akanyamaza kimya, halafu akaniambia haendi. Nitaonekana sina shukrani nikilalamika? – Mama wa Binti*

Mama, huna unachopaswa kuonea haya hapo, lalamika, na lalamika leo. Huo mstari unatoka. Binti hakuchaguliwa kwa sababu ya sufuria ya nyumbani kwenu, kachaguliwa kwa kitu alichofanya, basi kisomwe hicho kitu alichofanya. Kama alianzisha kikundi cha kusomesha wenzake hesabu jioni, waseme hivyo, walikutana wapi, walikuwa wangapi, nani alipanda darasa. Hivyo vinamjenga. Umaskini ukisomwa mbele ya watu wazima hamsini wanaotikisa kichwa, mtoto anabaki nao shuleni mwaka mzima, wenzake wanamwita kwa hilo jina.

Na najua kwa nini klabu wanapenda kuandika hivyo, simulizi ya shida inatoa machozi na machozi yanatoa michango, lakini mtu anaweza kutoa mchango bila mtoto kuvuliwa nguo. Wapigie, ongea na katibu, sema kwa upole tu "naomba maelezo ya familia yaondolewe, na naomba kuona maelezo mapya kabla". Hakuna klabu yenye akili itakayokataa. Ikikataa basi binti alikuwa sahihi kutokwenda. La picha pia, wewe mzazi ndo unayeruhusu ziende wapi, jina la shule na sura ya mtoto vikiwekwa pamoja hadharani ni jambo la kufikiria mara mbili, na unaweza kukubali picha ya ukumbini ila ukakataa isisambazwe.

Binti mwenyewe kama anaogopa kuongea, asikariri hotuba. Aandike vitu vitatu kwenye kikaratasi: nilifanya nini, nani alinisaidia, nataka kufanya nini baada ya hapa. Hicho cha mwisho asikiogope, aseme waziwazi kama anatafuta sehemu ya kujifunza kazi likizo au mtu wa kumshauri kuhusu chuo, maana humo ndani wamekaa wahandisi, wahasibu, madaktari, watu wa biashara, na bila kuambiwa hawawezi kujua. Aulize pia kuhusu vikundi vya vijana. Rotary wana Interact kwa wenye miaka 12 mpaka 18, ilianza 1962, na Rotaract kwa wakubwa zaidi, ilianza 1968. Huko atapata wenzake, na anaingia kama mwanachama siyo kama mtu wa kuonewa huruma.

*Wewe dada unazipamba hizi klabu. Mimi naona ni matajiri wanakutana wanakula wanapigana picha, wanamwita mwanafunzi na mzee wa jeshi ili waonekane wana roho nzuri. Nikosoe kama nimekosea. – Sidanganyiki*

Ndugu yangu hujakosea kote. Rotary ilianza Chicago tarehe 23 Februari 1905, mwanasheria Paul Harris na wenzake watatu, mmoja muuza makaa ya mawe, mmoja mhandisi wa migodi, mmoja fundi cherehani, na mwanzoni hawakuficha kwamba moja ya faida ilikuwa kupeana biashara wao kwa wao. Huduma kwa jamii ilikuja baadae kidogo, na kati ya kazi zao za kwanza ilikuwa kupigania vyoo vya umma vijengwe katikati ya jiji la Chicago. Vyoo. Kwa kweli mimi hapo nawapenda. Wanawake walizuiwa kwa miaka mingi sana, klabu ya Duarte huko California iliingiza wanawake 1977 ikafukuzwa, kesi ikaenda mpaka Mahakama Kuu ya juu kabisa ya Marekani na uamuzi ukatoka 1987 kwamba sheria inayowalazimisha kuwapokea wanawake ni halali. Kwahiyo ukisema walikuwa wanaume wa tabaka fulani wanakula pamoja, historia iko upande wako.

Ila weka na upande wa pili. Mwaka 1985 Rotary walijitwisha polio, miaka mitatu baadae Shirika la Afya Duniani na wengine wakaungana nao, wakati huo ugonjwa ulikadiriwa kupooza watoto 350,000 kwa mwaka kwenye nchi 125, na sasa umepungua kwa zaidi ya asilimia 99, virusi vya asili vimebaki vinajificha Afghanistan na Pakistan. Hiyo kazi haikufanywa na picha.

Na hili la kutunuku, ngoja nikupe kitu ambacho labda hukijui. Heshima maarufu zaidi kwenye hizi klabu, ile ya jina la Paul Harris kwa Rotary na ile ya jina la mwanzilishi wao Melvin Jones kwa Lions, kwa kawaida inaenda sambamba na mchango wa dola 1,000 kwenye mfuko wa shirika, ama umetoa mwenyewe ama umetolewa kwa jina lako. Hela inafanya kazi nzuri sikatai. Lakini mwanafunzi na mzee mstaafu hawajatoa hata senti, wako pale kwa walichofanya, na ndio maana kikao kama hicho mimi nakiona ni kati ya vichache ambavyo klabu inamheshimu mtu bila risiti. Ukitaka kujua kama ni maigizo, usiangalie picha. Uliza kama mwanafunzi wa mwaka jana kuna mwanachama yeyote anajua yuko wapi sasa hivi.

*Tuwachague vipi? Kamati yetu inagombana, wengine wanataka mwenye alama za juu tu na mwanajeshi mwenye cheo kikubwa. – Kamati*

Mwenye alama za juu ana zawadi zake tayari shuleni, na jenerali ameshapigiwa saluti za kutosha. Ulizeni walimu ni mwanafunzi gani ambaye asipokuja shule darasa linayumba, mtapata jina ambalo halipo kwenye ubao wa matokeo. Kwa wastaafu waulizeni wenyewe kwenye chama chao wamchague mwenzao, wanajuana vizuri kuliko nyie. Rotary wana yale maswali yao manne yaliyotungwa na mwanachama wao Herbert Taylor 1932 wakati anajaribu kuokoa kampuni iliyokuwa karibu kufilisika, kama ni kweli, kama ni haki kwa wote, kama litajenga urafiki, kama litawafaa wote. Lile la pili lisomeni kwa sauti kabla ya kupiga kura, halafu asiwepo mtoto wa mwanachama kwenye orodha. Hata kama anastahili, akapewe na klabu nyingine.

*Bahasha iwepo au isiwepo? – Mweka Hazina*

Nauli ya kuja na kurudi iwepo, kwa wote wawili na kwa mtu anayewasindikiza, na itolewe pembeni kabla hawajaingia ukumbini. Zaidi ya hapo kwa mwanafunzi ni bora ilipwe shuleni moja kwa moja au iwe vitabu anavyovihitaji, muulizeni ni vipi. Kwa mzee muulizeni pia, wengine wanachukia kupewa hela hadharani na wengine wana dawa za kununua na hawatasema mpaka waulizwe wakiwa peke yao. Na wewe mweka hazina hiyo ripoti yako isomwe wageni wakishaondoka, tafadhali.